Bashe ya kasri, rido ya majivu na ukuta wa volkano: fasi nilipigishia batoto foto apa Goma

Naanza na jibu juu najua bengi munasomaka mwanzo tu: kama uko Goma na unatafuta fasi ya kupigisha mutoto wako foto, ikuwe ya aniverseri ao ya komunyo ao ya kutumia tu koko yake kule kijijini, acha ile bashe (turubai yenye picha, ya kutundika nyuma ya mutu) ya kasri na ngazi za zahabu, omba rido, ni kusema pazia, ya rangi moja yenye haingae, na kama mupiga-foto anakubali kutoka inje muambie mutafute ukuta wa mawe ya volkano wenye kivuli. Iyo ya mwisho njo nimeipa alama yote. Sasa nieleze juu ya nini, na itakuwa ndefu, munivumilie.

Niko na batoto babili, musichana wa miaka sita na kijana wa miezi kumi. Mu miezi nane hivi nimebapeleka mu studio mbili tofauti, kisha tukapiga ingine inje na nyumbani. Majina ya studio siandike, juu maneno yangu haiko na mutu, iko na ile kitu inakaa nyuma ya mutoto, ile tunaitaka fondi, na ukizunguka studio za mutaa utaona fondi karibu zote zinafanana, utazani walinunua siku moja na fasi moja.

Kwa nini ninajali ivi? Nilikuwa na miaka tisa wakati volkano yetu, Nyiragongo, ilipasuka, tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002. Lava ilishuka, ikafunika kipande cha kiwanja cha ndege, ikapita mu katikati ya muji mpaka mu ziwa, na nyumba yetu ilikuwa mu njia yake. Tulitoka na magodoro na sufuria na redio ya baba. Albamu hakuna mutu aliikumbuka. Mu utoto wangu wote inabaki foto moja, ile shangazi alikuwa nayo Bukavu: nimesimama na robe ya manjano mbele ya rido ya bluu iliochorwa munazi na mashua. Na kila mara nikiitosha mu bahasha, jicho langu linaenda kwanza ku munazi. Munazi ni mukubwa, majani imejaa foto yote, mashua iko na rangi nyekundu kali, na mimi niko pale chini kadogo, uso sawa kifungo ya shemizi. Ni foto moja tu niko nayo, na nusu yake ni munazi wenye sikuwahi hata kuuona kwa macho. Ningetamani sana yule fotografe angesogea mbele hatua mbili. Mwaka 2021, tarehe 22 mwezi wa tano, siku ya mposho magaribi, volkano ilipopasuka tena na mbingu ikaanza kuwa nyekundu, ile bahasha njo kitu ya kwanza nilichukua, kabla ya makaratasi ya nyumba.

Basi tuanze na bashe.

Siku ya aniverseri ya musichana tuliingia studio moja ya barabarani, kachumba kadogo, ndani rulo zimening'inia moja mbele ya ingine: kasri ya bazungu, Paris na munara wake, bibliyoteke yenye bitabu mpaka juu, bustani ya maua ya pinki, teluji na muti wa Noeli, mbingu yenye malaika. Mutoto alichagua kasri palepale, na nani angemukataza, alikuwa na robe ya pinki yenye kuvimba na taji ya plastiki mu kichwa. Mupiga-foto akamusogeza nyuma mpaka mugongo ukagusa bashe, akasimama yeye mutu muzima na urefu wake wote, akapiga flashi ya mbele mara tano, imeisha. Dakika tatu. Dola tano, foto nne.

Foto zilipotoka niliziweka ku meza na nikajaribu kuelewa mbona moyo haufurahi. Kwanza ile bashe ni plastiki, inangaa, kwa iyo flashi ilirudi na kuacha doa jeupe juu ya bega yake kama taa ya motokari inakuya nyuma. Pili kivuli ya kichwa chake kilijipaka ku ukuta wa kasri, cheusi kabisa, na kasri yenye kuwa mbali kilometa mbili haiwezi kupokea kivuli ya kichwa ya mutoto, kwa iyo jicho linajua mara moja kwamba ni karatasi. Tatu ni ngazi: mwenye kuchora ile ngazi aliiona kutoka juu, apareyi ilikuwa upande mwingine, na miguu ya mutoto wangu haikukanyaga kitu, inaelea. Na kisha robe ya pinki mbele ya kasri ya pinki. Mutoto alimezwa. Ilikuwa tena munazi wangu.

Lakini niseme ukweli wote: yeye mwenyewe anaipenda ile foto kupita zote. Ameibandika juu ya kitanda, anaonyesha marafiki, anasema apa nilikuwa princesse. Siwezi kumunyanganya ile furaha na sitaki. Kwa iyo bashe siipe sifuri. Kama mutoto wako anaitaka, mupe moja ya bashe na kisha omba zingine mu fondi ingine, ile moja ni yake, zile zingine ni zako za kuweka miaka makumi ine.

Na kama ni lazima bashe, kuko namna ya kuiokoa. Mutoto asogee mbele, mita moja na nusu, mita mbili kama chumba kinaruhusu, apo kivuli kinaanguka chini kabla ya kufika ku bashe na mistari ya kukunjwa inapotea. Taa ikuye upande, isikuye mbele. Uliza kama kuko bashe ya kitambaa, ile haingae. Na uangalie mwangaza wenye kuchorwa ndani: kama jua ya mu bustani inatoka kushoto, taa ya studio nayo itoke kushoto, ni kitu kadogo lakini macho yanakubali. Na usichague fondi yenye kuwa na mutu ao munyama ao maandishi karibu na kichwa. Niliona foto ya jirani, mutoto wa komunyo, mabawa ya malaika inamutoka mu sikio.

Studio ya pili njo nilijifunzia mingi. Iko mu orofa, dirisha kubwa upande mumoja, kijana mwenye kuitumikisha ako na apareyi moja, taa moja na rido ine: nyeupe, nyeusi, kijani, na rangi ya majivu. Nilimuambia: papa, mimi niko na saa moja na niko tayari kulipa, tujaribu zote na mutoto mumoja na nguo moja. Alicheka kidogo kisha akakubali, na nafikiri alipenda, juu hakuna mutu anamuulizaka ile.

Nyeupe kwanza. Batu banapenda nyeupe juu inaonekana safi, lakini kwa mutoto mweusi kama wangu iko na mutego. Apareyi inaona weupe mwingi, inazani mwangaza umezidi, inaupunguza yenyewe, na uso unabaki giza, macho hata hauyaone. Kisha sasa studio mingi banafanya nini? Banaenda mu ordinatere banapausha uso. Ile kitu inaniumiza, naomba niseme wazi. Mutoto anarudi nyumbani na foto yenye ngozi ya mutu mwingine, na anakua akiiangalia ku ukuta. Dawa si kupausha, dawa ni kupima mwangaza ku uso wa mutoto na kuacha rido ikuwe nyeupe kupita kiasi kama inataka. Kijana alifanya ivyo mbele yangu, aliongeza mwangaza mu apareyi, na uso ukakuya, rangi yake yenyewe, kahawia yenye joto, na macho yakawa na nukta ya dirisha ndani. Ukienda studio na ukaona nyeupe, muambie tu: pima ku uso.

Nyeusi ni kinyume yake. Apa apareyi inaona giza, inafungua sana, na paji ya uso na pua vinangaa kama vimepakwa mafuta. Ile inapunguzwa, ni rahisi. Shida kubwa ni nywele. Nywele nyeusi mbele ya rido nyeusi zinapotea, na uso unabaki peke yake unaelea. Inahitaji taa ya pili nyuma ya mutoto ili ichore ukingo wa kichwa. Kijana hakuwa na taa ya pili, alichukua kartoni nyeupe akaisimamisha upande wa dirisha, nyuma kidogo ya bega, ikarudisha kamwangaza, na ilitosha kuonyesha misuko. Nikasema basi, uyu anajua kazi yake. Kwa mutoto mukubwa mwenye kutulia, nyeusi inaweza kuwa nzuri sana. Kwa mutoto mwenye kukimbia hapana, juu akisogea mukono mumoja tu kartoni haimufikie tena.

Kijani achana nayo kabisa. Ni ya kukata mutu mu ordinatere na kumuweka fasi ingine, na rangi yake inaruka ku kidevu na ku mashavu. Musichana wangu alionekana kama ametoka tu kuugua malaria. Nukta.

Majivu. Nilikuwa naizarau, juu nikiitazama imening'inia ni kama kitambaa ya kupangusia. Mbele yake mutoto akakuya yote: nywele zinaonekana, ngozi inaonekana, robe ya machungwa inawaka. Na kitu sikujua: rido moja ya majivu inaweza kuwa rangi tatu. Ukiiweka karibu na dirisha inakuwa karibu nyeupe, ukiisogeza nyuma mbali na dirisha na mutoto akabaki karibu nalo, inakuwa karibu nyeusi, bila kubadilisha kitu. Kwa studio kadogo yenye franga kidogo ile njo fondi ya kununua ya kwanza, na kwa muzazi ile njo ya kuomba. Kama studio haina, njoo na shuka lako la rangi moja, kaki, kahawia, bluu ya kufifia, lipige pasi mbele, mikunjo inaonekana mubaya kuliko unavyofikiri. Velur inameza mwangaza vizuri. Satini hapana, inangaa sawa bashe.

Neno juu ya bikwembe (bitenge), juu bamama tunapenda kushonea batoto kikwembe ya maua makubwa. Kikwembe inaomba fondi ya kimya. Maua ku nguo na maua ku bashe, jicho halijue litulie wapi. Nilimuambia kijana ivyo nikijiona mwenye akili, naye akanionyesha mu telefone foto za Seydou Keïta wa Bamako, yule aliyefungua studio yake mwaka 1948: bamama benye nguo za maua mbele ya kitambaa cha maua, na ni foto za ajabu, unaweza kukaa na moja muda murefu. Lakini angalia, zile ni nyeupe na nyeusi, rangi haipigane, na uso umewekwa mu mwangaza ili upite vitu vyote. Kijana akanieleza tena kwamba fondi ya kwanza ya uyo muzee ilikuwa shuka lake la kitanda lenye nyuzi za kuning'inia, na kisha alikuwa anabadilisha kila miaka kidogo, mpaka ikawa akiona fondi anajua foto ni ya mwaka gani. Iyo ilinigusa. Tangu ile siku ninaandika nyuma ya kila foto si tarehe tu, na rido pia. Kwa iyo kama unataka kikwembe mbele ya kikwembe, omba foto isiyo na rangi.

Sasa inje. Kila mutu Goma anafikiria ziwa, na mimi pia. Tulienda na musichana siku ya yenga saa ine na nusu asubui, fasi moja yenye majani upande wa Himbi, ulipe kuingia, na mupiga-foto wa pale pale mwenye kutembea na apareyi mu shingo. Ziwa lilikuwa zuri na foto zilikuwa mubaya. Goma iko karibu sana na ikweta, jua linapanda haraka, na kufika saa ine, saa tano, limeshakuwa juu ya kichwa: macho yanakuwa mashimo mawili meusi, pua inaweka kivuli ku midomo, na mutoto anakunja uso juu maji nayo inangaa mbele yake. Nyuma yake ziwa likawa jeupe tupu, hata hauwezi kujua ni ziwa. Ukitaka ziwa, enda saa kumi na moja kasorobo hivi magaribi, na usichelewe, juu apa kwetu saa kumi na mbili ikipita kidogo jua limeingia, mwaka muzima. Ao subiri mawingu. Siku ya mawingu ambayo batu banaahirisha foto njo siku bora, mbingu yote inakuwa kitambaa mbele ya taa, hakuna kivuli kikali fasi yoyote.

Na mustari wa maji, ule wenye kukata kati ya ziwa na mbingu, usipite mu shingo ya mutoto. Mwambie mupiga-foto apige goti. Hii si kwa ziwa tu, ni kwa fondi yote: akipiga goti mpaka apareyi ikuwe sawa na macho ya mutoto, mustari unashuka, mutoto anakuwa mukubwa mu foto yake. Yule wa kule hakutaka kupiga goti juu ya suruali yake.

Sasa kitu ambayo naomba kila muzazi aisome mara mbili. Yule mupiga-foto alitaka kumuketisha kijana wangu, wakati ule alikuwa na miezi saba, mu kashimo fulani kenye majani kati ya mawe, juu mwangaza ilikuwa mulaini pale. Nilikataa mara moja na nikamuinua. Mazuku. Apa Goma na pembeni ya ziwa kuko fasi gazi ya kaboni inatoka mu udongo, haina rangi, ni nzito kuliko hewa, inajaa mu mashimo na mu mabonde kama maji, na inakuwa mubaya zaidi usiku na asubui mapema wakati hakuna upepo. Mutu muzima anasimama na kichwa chake kiko juu yake, mutoto mwenye kukaa chini kichwa chake kiko ndani. Mbuzi zinakufa mu fasi izi, na batu pia. Kwa iyo ile mafundisho ya mu intaneti ya kulaza mutoto mudogo mu majani asubui na mapema juu ya mwangaza wa zahabu, apa kwetu hapana. Fasi ya juu, yenye upepo, yenye benyeji banaijua, na mutoto mudogo mu mikono ao ku kiti. Hakuna foto yenye kulingana na uzima ya mutoto.

Tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma na kubebea mizigo, ilikuwa wazo ya musichana mwenyewe, na nampa pongezi. Tulikuta papa mumoja anapumzika na tshukudu yake imeegemea ukuta, tukamuomba, akakubali, tukamupa ya maji. Mutoto amesimama juu ya mbao, mikono mu pembe zake, anacheka kabisa, hakuna mutu alimuambia acheke. Kitu ya kushika ni muhimu kupita fondi, mutoto mwenye mikono iko na kazi anasahau apareyi. Lakini ule mutaa ulikuwa na makelele, moto zinapita nyuma ya kichwa chake, kibao ya kuuza megabaiti inaonekana, na foto mbili tu kati ya makumi mbili zilifaa. Barabarani angalia nyuma kabla ya kuangalia mutoto. Na usisimame karibu na kiwanja cha ndege, ku mupaka, ao fasi kuko basilaa, hata kama mwangaza ni nzuri namna gani, apareyi itachukuliwa na utapoteza siku nzima kujieleza.

Ya kijana wangu tulifanyia nyumbani, nitasema haraka juu ni rahisi. Mutoto wa miezi saba mpaka kumi anakaa lakini anaanguka, anataka mama aonekane, anachoka mu dakika makumi mbili. Tulisogeza kitanda pembeni ya dirisha, tukatosha vyote, tukatandika shuka moja ya kaki mpaka ukutani, mimi nimechuchumaa nyuma ya mupiga-foto na kijiko na sahani. Baada ya kunyonya na kulala, si mbele. Bila flashi. Ni bure na ni nzuri kuliko studio kwa umri ule, na kelele ya jenereta haimushtue.

Na sasa ukuta.

Yule kijana wa orofa nilimuita tena, dola makumi mbili kwa saa moja na nusu, foto kumi na tano mu kle ya USB na tano zimetoka ku karatasi. Alifika kwetu Katindo saa kumi na nusu. Nilikuwa nimefikiria maua ya jirani. Yeye akapita maua bila kuyaangalia, akasimama mbele ya ukuta wa kiwanja, ule wa mawe ya volkano yenye kushikanishwa na simenti, ile kila mutu iko nayo apa, ile hatuione tena. Akaweka mukono juu yake. Akasema, mama, iyi haingae hata kidogo.

Ni kweli. Lile jiwe lina mashimo madogo madogo, linameza mwangaza lote, halirudishe kitu. Rangi yake si nyeusi kabisa, ni majivu yenye giza, na mistari ya simenti inazunguka mawe bila kufanya mustari mumoja wa kukata kichwa. Na ukuta ulikuwa mu kivuli, lakini mbele yake kiwanja chote ni mbingu wazi, kwa iyo mwangaza ulikuwa unakuya ku uso wa mutoto kutoka mbele na juu, mulaini, kama lile dirisha lake kubwa. Akamuweka musichana mita mbili mbele ya ukuta, akapunguza mwangaza mu apareyi juu ukuta wenye giza unaidanganya sawa rido nyeusi, akapiga goti mu vumbi bila kuangalia suruali.

Robe nilichagua mimi. Manjano.

Vitu vya kujua kama unataka ukuta: rangi ya nguo ikuwe ya kuwaka, manjano, machungwa, nyeupe ya maziwa, nyekundu; lakini bluu ya giza na nyeusi zinazama. Mutoto asiegemee, lile jiwe linakata, ukitaka akae weka blanketi iliyokunjwa ku jiwe la chini, na magoti yafunikwe. Biatu vyeupe vivalishwe dakika ya mwisho, vumbi ya volkano ni nyeusi na haitoke vizuri. Tafuta ukuta wenye haujapakwa rangi na hauna vioo vimepandwa juu yake, ao mukate juu mu foto. Na uombe ruhusa kama si wako.

Foto ya tatu kati ya zile tano, musichana ameshika ncha ya robe, hacheke, anaangalia moja kwa moja. Uso umejaa. Unaweza kuhesabu kope. Nyuma yake mawe tu, yamefifia, unajua ni Goma na hauwezi kujua ni mutaa gani. Ile foto haina munazi.

Niliipeleka kwa mama yangu bila kusema kitu. Aliishika mbali kidogo na macho, kama anavyofanyaka, akaangalia mutoto murefu sana, akasema ako na paji la baba yako. Kisha kidole chake kikaenda ku mawe. Akauliza, iyi ni ukuta wenu? Nikasema ndiyo, mama, ni ule wa nyuma. Alijua kama mimi kwamba baada ya 2002 batu walivunja lava iliyopoa wakajengea kuta, na kwamba kile kiwanja tulinunua juu ya lava. Akakaa kimya na kidole pale pale. Akasema, izi mawe zilikula foto zingine.

Kisha akaomba biki. Nikaandika nyuma: tarehe, Katindo, ukuta wa mawe. Akaiweka mu biblia yake, si ku ukuta, na ilinibidi nirudi kwa kijana kutosha ingine ya kwangu, franga 3.000 kwa foto ya sentimeta 20 kwa 30 ku karatasi isiyongaa, omba isiyongaa pia. Ya kijana wangu bado, anajifunza kusimama, nampa mwezi mumoja. Shemizi ya machungwa iko tayari na jirani wa upande wa juu, mwenye ukuta mureefu kuliko wetu, ameshakubali.